Kupiga na kuhariri picha za nyumba kongwe za vijijini

Nyumba ya tembe, nyumba ya kukandika, msikiti wa mawe ya matumbawe, kanisa la misheni la matofali ya kuchoma, stesheni ndogo ya reli: katika majengo haya yote, ukuta ndio habari yenyewe. Picha nyingi za majengo ya namna hii ninazoziona zina kasoro moja. Jengo linaonekana, lakini huwezi kujua limejengwa kwa kitu gani. Udongo umegeuka rangi ya chungwa, chokaa imekuwa karatasi tupu, bati lenye kutu limekuwa doa la kahawia. Mwongozo huu una lengo moja kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho: anayeitazama picha aone udongo kuwa udongo na chokaa kuwa chokaa, na umri wa jengo uonekane bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Nalishikilia sana jambo hili kwa sababu majengo haya hayakai. Nyumba ya fito na udongo isipokandikwa upya baada ya masika huanza kumomonyoka, na familia ikipata uwezo hujenga nyingine pembeni ya tofali za saruji na bati jipya. Wana haki hiyo. Ila maana yake ni kwamba picha ya leo huenda ikawa kumbukumbu pekee itakayobaki, na kumbukumbu lazima iaminike.

Maelezo yanafaa kwa kamera ya kubadilisha lenzi na kwa simu pia. Pale vinapotofautiana nitasema.

Hodi kwanza, dira baadaye

Nyumba ina mwenyewe hata ikiwa imebomoka nusu. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, jitambulishe, eleza picha ni za nini, kisha piga hodi kwa wenye nyumba na usubiri uitikiwe. Usiharakie kufungua mkoba. Mzee wa nyumba atakuambia mambo ambayo hayataonekana kwenye lenzi: chumba kipi kiliongezwa, ukuta upi ulikandikwa upya, mlango ulitoka wapi. Maelezo hayo yataamua usimame wapi.

Stesheni na madaraja ya reli yaombee ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla hujainua kamera. Ndege isiyo na rubani usiirushe bila kibali. Kwenye magofu yanayolindwa kama Kaole karibu na Bagamoyo, au Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ambayo yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, fuata maelekezo ya wahifadhi. Na popote utakapokuwa, usipande ukuta, usiuegemee, usikwangue kuvu, wala usimwagie maji maandishi ili yasomeke. Mwanga mzuri utayasomesha bila kuyagusa.

Baada ya hapo toa dira, hata ile ya kwenye simu. Zunguka jengo zima na uandike kila ukuta unatazama upande gani. Kazi hii haizidi dakika chache, lakini itakufaa kuliko lenzi ya bei mbaya.

Kujua jua linapita wapi

Miongozo mingi ya picha imeandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta. Wao wanashauri upige asubuhi na jioni, na mchana ukae ndani. Kwetu hesabu ni nyingine, na anayeijua anapata saa nyingi zaidi za kazi.

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 1 na 12 hivi. Mwezi Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini kutwa nzima, tangu linachomoza mpaka linazama. Ukuta unaotazama kusini haupati jua la moja kwa moja hata kidogo. Desemba na Januari mambo hugeuka: jua liko kusini, na ukuta wa kaskazini unashinda kivulini. Machi na Septemba jua linapita karibu na utosi.

Chukua msikiti wa kale wa pwani kama mfano. Kibla chetu kiko kaskazini, kwa hiyo mihrabu imejengwa kwenye ukuta wa kaskazini na uso wake unatazama kusini, kule walikokaa waumini. Katika gofu lisilo na paa, kama la Kaole, uso huo utauona Juni ukiwa kwenye kivuli tulivu, wenye rangi sawa kila mahali. Ukirudi Desemba, jua la asubuhi linakuja kutoka kusini-mashariki na kupita kwa mshazari juu ya nakshi, na kila mchongo unatupa kivuli chake. Picha hizo mbili ni za kitu kimoja lakini zinaeleza mambo tofauti. Ya Juni inafaa kuonyesha rangi ya chokaa na madoa ya kuvu. Ya Desemba inafaa kuonyesha mkono wa fundi.

Stesheni ndogo za Reli ya Kati, iliyojengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, zina hali inayofanana. Reli kwa ujumla inakwenda mashariki na magharibi, hivyo stesheni nyingi uso wake unatazama kaskazini au kusini. Thibitisha kwa dira, maana njia ina kona zake, halafu chagua msimu.

Kanuni ya kushika ni hii: sura ya ukuta inatokea pale mwanga unapouambaa. Jua likiwa mbele ya ukuta moja kwa moja, vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe na ukuta unakuwa bapa. Jua likiambaa, kila ufa, kila alama ya kiganja cha aliyekandika, kila fito inayochungulia inapata upande wa mwanga na upande wa kivuli.

Kwa hiyo ukuta wa mashariki usiupige saa moja asubuhi kama unataka uonekane ulivyo. Saa hiyo jua linaupiga usoni. Usubiri mpaka kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, jua likiwa limepanda na mwanga unateremka ukutani kutoka juu. Ukuta wa magharibi una nafasi yake baada ya jua kupita utosi, kuanzia kama saa saba na nusu. Ukuta wa kaskazini mwezi Juni, au wa kusini mwezi Desemba, unapata bahati kubwa kuliko yote: saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, mwanga unakuja kwa pembe ya nyuzi kama 23 tu kutoka kwenye ukuta, ukiwa bado na joto la rangi. Hakuna programu ya kuhariri itakayokupa hicho.

Mwanga huo wa rangi ya dhahabu kwetu ni mfupi. Jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo kutoka nyuzi 10 juu ya upeo mpaka kuzama una dakika kama 40. Fika mapema, uwe umeshachagua mahali pa kusimama. Kumbuka pia kwamba Tabora jua huchomoza na kuzama karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani ni zilezile.

Siku ya mawingu usiikatae. Mawingu ya masika ni mazuri kwa ua mdogo ulio kati ya nyumba, kwa ukuta wenye michoro ya rangi, na kwa jengo lenye upenu mrefu wa makuti ambao kwenye jua kali unakata ukuta vipande viwili, nusu nyeusi nusu nyeupe.

Mahali pa kusimama

Ukiinua kamera kutazama juu, kuta zinaonekana kuangukiana kwa ndani. Dawa ni kuishika kamera sawa, isiinamie mbele wala nyuma. Kama paa linakatika, rudi nyuma badala ya kuinua lenzi. Rudi kadiri uwanja unavyoruhusu, utumie lenzi ya kati, kama milimita 35 hadi 50 kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35). Lenzi pana sana ukiwa karibu huvuta pembe za nyumba, na kibanda cha vyumba viwili kinageuka ukumbi. Acha nafasi kuzunguka jengo, kwa kuwa kunyoosha picha baadaye kutakula kingo.

Ila nyumba ya kukandika haina mstari ulionyooka, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wananyoosha ukuta ambao kweli umeinama, na picha inasema uongo. Tumia timazi, kama fundi muashi. Funga jiwe dogo kwenye uzi, mwombe mtu alining'inize mbele ya ukuta, upige picha moja. Kisha ondoa uzi uendelee na kazi, kamera ikiwa palepale. Nyumbani, nyoosha ile picha yenye uzi mpaka uzi usimame wima, halafu nakili marekebisho hayohayo kwenye picha nyingine. Mwinamo utakaobaki ni wa nyumba yenyewe, na una haki ya kubaki. Makaburi ya nguzo ya pwani hasa yanahitaji uangalifu huu, maana baadhi yameinama kweli na mhifadhi wa kesho atataka kujua yameinama kiasi gani.

Tembe la Ugogo lina shida yake. Ni fupi, na paa lake ni bapa, la udongo uliotandazwa juu ya miti. Ukisimama chini huoni paa, na rangi ya ukuta inachanganyika na ya ardhi mpaka nyumba inapotea. Tafuta kichuguu au mwamba, na Dodoma miamba haikosekani, upige kutoka juu kidogo wakati jua liko chini, ili kivuli cha nyumba kiitenge na uwanja.

Ndoo ya plastiki na baiskeli mlangoni? Maoni yangu ni kwamba nyumba inayokaliwa ionekane inakaliwa. Kama kitu kinaziba sehemu muhimu, mwombe mwenyewe akisogeze. Usikifute baadaye kwa kompyuta.

Mipangilio ya kamera

Weka kamera ipige RAW, yaani faili ghafi yenye kila kilichopokewa na kamera, au RAW pamoja na JPEG, faili la kawaida lililobanwa. JPEG imeshatupa sehemu ya taarifa za mwanga mkali na kivuli, na majengo ya zamani yana vyote viwili kwa wingi: bati linalometa juu, mlango mweusi chini.

ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100 au 200. Tundu la lenzi liwe f/8; namba ikikua, tundu linapungua. Kama una baraza mbele na ukuta nyuma na unataka vyote viwe vikali, nenda f/11. Usipite hapo bila sababu, kwani f/16 na f/22 hulainisha picha nzima hata kama eneo lililo wazi linaongezeka. Kwa ukuta wa udongo kwenye jua kali, anza na ISO 100, f/8 na kasi ya shata 1/400. Ukuta uliopakwa chokaa kwenye jua hilohilo unataka kama 1/640.

Hapa lazima uielewe kamera inavyofikiri. Kipima mwanga chake kinadhani kila kitu kina weupe wa wastani. Ukijaza fremu kwa ukuta wa chokaa, kamera itapunguza mwanga na chokaa itatoka ya kijivu. Ongeza fidia ya mwanga kwa +0.7 hadi +1. Ukijaza fremu kwa makuti yaliyoungua moshi au mlango wa mti mweusi, kamera itaongeza mwanga kupita kiasi, basi punguza kwa −0.7 hadi −1. Kisha tazama histogramu, mchoro wa kwenye skrini unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza kushoto mpaka weupe kulia. Mlima usigonge ukingo wa kulia. Washa onyo la kumweka kwa sehemu zilizoungua: chokaa iliyoungua kwenye picha hairudi, wakati kivuli cha RAW kinaweza kuinuliwa.

Kivulini, chini ya upenu, utashuka mpaka 1/50 au 1/30. Ndani ya nyumba isiyo na madirisha makubwa itakuwa sekunde nzima au zaidi. Huko tripodi ni lazima. Ibane kamera, zima kitulizi cha mtikisiko kama lenzi yako inacho, utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Fleshi iache kwenye mkoba. Inafuta kivuli cha asili, na inarudisha ukuta kuwa bapa.

Pale ambapo ukuta uko juani na unataka pia kuonyesha kilichomo mlangoni, piga picha tatu bila kusogeza tripodi: moja ya kawaida, moja ya fidia ya mwanga −2 (yenye giza zaidi), moja ya +2 (yenye mwanga zaidi). Zitaunganishwa baadaye. Usifanye hivi kila mahali kwa mazoea, kwa kuwa mlango mweusi ni sehemu ya ukweli wa nyumba hizi: zilijengwa zihifadhi ubaridi, na giza la ndani linaeleza hilo.

Rangi ndiyo inayoharibika kuliko vyote. Ukiiachia kamera ichague yenyewe mizani ya weupe, yaani rangi ipi ihesabiwe nyeupe, ikiona fremu imejaa udongo mwekundu inadhani ni kosa la taa, inaongeza ubuluu, na udongo wa Singida unatoka wa kijivu. Weka mizani kwa mkono: Kelvin 5,300 hivi kwenye jua, 7,000 kivulini. Bora zaidi, piga picha ya kwanza ukiwa umeweka kadi ya kijivu, kadi maalumu ya kupimia rangi, ukutani kwenye mwanga uleule. Karatasi nyeupe ya ofisini haifai sana, kwani ina kemikali za kung'arisha zinazoirushia ubuluu. Wingu likifunika jua au ukihamia upande mwingine wa nyumba, piga kadi tena.

Ukiwa na simu tu

Simu inatosha kwa kazi nzuri, mradi uizuie isijifanyie mambo. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi, hasa pwani ambako upepo wa kusi unaleta chumvi. Tumia kamera kuu, si ile pana ya 0.5. Washa mistari ya gridi. Bonyeza ukutani na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha telezesha kidole chini kupunguza mwanga mpaka chokaa ionyeshe madoa yake.

HDR ya simu, inayounganisha picha za mwanga tofauti kuwa moja, inainua vivuli vyote. Kama somo lako ni ukuta unaoambawa na jua, izime kama simu inaruhusu, maana itaua kile ulichoamkia alfajiri. Iwashe kwa picha za barazani na za ndani. Simu yenye hali ya Pro na uwezo wa kupiga RAW itakupa karibu yote niliyoyaeleza juu, pamoja na mizani ya weupe ya mkono.

Vitu vya "kuboresha kwa AI" na kukuza picha kwa dijitali viache kabisa kwenye kazi hii. Vinabuni matofali na nyasi ambazo hazikuwepo.

Picha za karibu

Ukimaliza nyumba nzima, sogea. Picha ya jengo kwa mbali inasema lilikuwa wapi, ya karibu inasema lilijengwaje. Tafuta mahali udongo ulipobanduka. Hapo utaona nguzo zilizochimbiwa, fito zilizolazwa kwa upana ndani na nje, kamba za mti zilizofunga maungio, na udongo uliosindikwa katikati. Tabaka zote katika eneo lisilozidi kurasa mbili za gazeti. Piga kwa uso, kamera ikiwa sambamba na ukuta, halafu piga tena kwa ubavu ili kina kionekane. Weka rula au kitu chenye kipimo kinachojulikana pembeni katika picha moja, na nyingine uipige bila hicho.

Tazama chini ya ukuta uliopakwa chokaa. Kuna mkanda mwekundu, kama wa kimo cha goti, ambao matone ya mvua yameurusha kutoka ardhini masika baada ya masika. Makali yake ya juu yanafifia taratibu, na chini kabisa chokaa imekwisha, jiwe liko wazi. Mkanda huo ndio historia ya mvua na ya upenu mfupi usiotosha kukinga. Uupe picha yake.

Kwenye mlango wa nakshi, simama ubavuni mwa mwanga. Kama mlango uko kivulini, kanga nyeupe au ubao mweupe ukishikwa pembeni unarudisha mwanga wa kutosha kutoka upande mmoja. Usisahau miimo, kizingiti, bawaba na misumari. Kwenye makaburi ya nguzo na mihrabu, angalia vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure, na kingo zake zipige kwa mwanga wa kuambaa.

Kuhariri

Nakili picha zote kwanza, asili zibaki zilivyo. Kwa kompyuta, Darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua RAW. Kwa simu, Snapseed inatosha watu wengi. Lightroom nayo ni nzuri. Mpangilio wa kazi una maana kuliko programu, na mimi hufuata huu.

Ondoa kwanza kupinda kwa mistari kunakoletwa na lenzi. Kisha nyoosha kwa kutumia picha ya timazi. Kwenye Snapseed kifaa chake kinaitwa Perspective. Usikate kingo bado.

Pili, rangi. Bofya kadi ya kijivu kwa kifaa cha mizani ya weupe, unakili thamani hiyo kwenye picha zote za mwanga ule. Kama hukupiga kadi, usichukue chokaa kuwa nyeupe kabisa. Chokaa kongwe ina umanjano kidogo, na karibu na ardhi ina wekundu unaorushwa na udongo wa uwanjani. Ukiisafisha mpaka iwe nyeupe pe, ukuta mzima unageuka wa baridi.

Tatu, mwanga. Shusha Highlights (sehemu zenye mwanga mkali) kwa kiasi, tuseme −30 hadi −50, mpaka madoa ya chokaa na mikunjo ya bati irudi. Inua Shadows (vivuli) kidogo, +15 au +25, uishie pale miimo ya mlango inapoonekana na ndani bado kuna giza. Ukivuka hapo, kivuli kinajaa chenga, yaani vidoa vidogo vya rangi, na picha inakuwa kama ukungu. Rekebisha weusi wa chini kabisa mwishoni ili picha iwe na mzizi.

Nne ni hatua ninayoipenda zaidi: kurekebisha sehemu kwa sehemu. Badala ya kuongeza kontrasti picha nzima, chukua brashi au kifaa cha Selective, uweke alama kwenye ukuta peke yake, uongeze kontrasti kidogo hapo. Mbingu ishushe kidogo kama imefifia, lakini isizidi ukuta kwa nguvu. Uwanja mweupe wa mbele, unaovuta jicho, upunguze kwa robo hatua. Fanya kwa vipimo vidogo, mara kadhaa, na uwe unazima na kuwasha mabadiliko ili ulinganishe.

Tano, sura ya ukuta. Hapa ndipo vishawishi viko vingi. Clarity na Structure, vifaa vya kukoleza makunyanzi, pamoja na HDR bandia hufanya kila ukuta uonekane umekauka na kupasuka, hata ule uliokandikwa mwaka jana na mama mwenye nyumba kwa uangalifu wote. Ni kumwongezea mtu umaskini asiokuwa nao. Clarity isizidi 15, Structure isizidi 15 hadi 20. Kama hata hapo ukuta bado ni bapa, tatizo ni saa uliyopiga. Rudi wakati jua linauambaa.

Sita, ukolezi wa rangi. Usiguse Saturation ya picha nzima. Tumia Vibrance, inayokoleza zaidi rangi zilizofifia, kidogo, au ingia kwenye rangi mojamoja. Rangi ya chungwa ndiyo ya udongo na ya kutu. Kwa kawaida inahitaji kupunguzwa, hasa kwenye picha za simu. Kijani cha kuvu kwenye matumbawe kiache. Ni dalili ya unyevu, na mtu wa kukarabati atakitafuta. Fungua picha mbele ya mtu anayeijua nyumba, kama inawezekana, umuulize kama udongo ni huo. Jicho lake ni bora kuliko skrini yako, hasa skrini ya simu iliyowekwa rangi kali.

Picha tatu za mwanga tofauti ziunganishe kwa kulinganisha kwa mkono: picha ya kawaida iwe msingi, na kutoka ile ya +2 chukua mlango tu kwa brashi laini. Uunganishaji wa moja kwa moja mara nyingi huacha ukungu mweupe kuzunguka paa.

Ukitaka picha ya nyeusi na nyeupe, igeuze kutoka kwenye ya rangi, si kwa kupiga hivyo. Ukiinua mkondo wa rangi ya chungwa, udongo unang'aa na nyufa zinasimama. Ukishusha wa buluu, mbingu inakolea na paa linajitenga. Inafaa sana kwa matofali ya misheni na matumbawe. Kwa nyumba za udongo naiepuka, kwa kuwa rangi ya udongo ni anwani: inaonyesha umechimbwa bonde gani.

Kunoa picha na kuondoa chenga vije mwisho kabisa, baada ya kukata kingo na kupanga ukubwa. Chenga ziondolewe kidogo tu, maana programu haijui tofauti ya chenga na mchanga ulio kwenye lipu.

Kuhifadhi na kutuma

Jina la faili liwe na kijiji, jengo, upande wa ukuta na tarehe, kwa mfano: kaole-msikiti-kaskazini-2024-12-20. Andika kwenye maelezo ya faili yale uliyosimuliwa na wenye nyumba, na jina lao kama wameridhia. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, pamoja na RAW.

Kwa mtandaoni, toa JPEG ya upande mrefu wa pikseli 2,048, rangi za sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za mtandaoni), ubora kama 85 kwa 100. WhatsApp hubana picha mpaka sura ya ukuta inapotea, kwa hiyo tuma kama waraka, si kama picha. Kwa kuchapa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480, na simu ya megapikseli 12 inazo. Chapisha moja ya karatasi isiyong'aa uipeleke kwa wenye nyumba, na nyuma yake andika kwa kalamu isiyofutika tarehe, kijiji na ukuta unatazama wapi.